Mstari wa kumi umetoka hasi: kusaka makosa katika chemshabongo ya mfululizo wa namba

Jumamosi moja saa mbili asubuhi, kabla sijafika hata kwenye kipilefti cha mnara wa saa hapa Moshi, simu ililia. Binti mmoja wa kikundi chetu, anayekaa Pasua, alinitumia picha ya skrini. "Shikamoo mwalimu. Mistari tisa imekubali, wa kumi umegoma." Mstari wa kumi ulisomeka hivi:

-5235432950596439405

Namba hasi, katika chemshabongo isiyo na kutoa popote! Nilimjibu asiguse kitu mpaka nifike, kwa sababu namba ile ilikuwa imeshaeleza kosa lote lilipo. Wengi wakiona jibu baya hukimbilia kubadilisha msimbo: huku wanaongeza moja, kule wanafuta mabano, wakitumaini litakaa sawa. Katika chemshabongo hii hakuna haja ya kubahatisha. Kila kosa lina sura yake, na ukiikazia macho sura hiyo utajua mstari gani wa programu umeuleta.

Chemshabongo yenyewe ni hii. Umepewa mistari sita, utafute unaofuata:

1
11
21
1211
111221
312211

Kanuni ni kusoma mstari kwa sauti na kuandika ulichosikia. Mstari wa kwanza una "moja" ipatayo 1, basi andika 11. Wa pili una "moja" mbili, basi andika 21, idadi ikitangulia. Wa tatu una "mbili" moja kisha "moja" moja: 1211. Wa saba, basi, ni 13112221. Mtaalamu wa hisabati Mwingereza John Conway alichapisha uchambuzi wa mfululizo huu mwaka 1986, akaonyesha kwamba mistari yake huvunjika hatimaye kuwa vipande 92 vya kawaida, akavipa majina ya elementi za kemia kuanzia haidrojeni hadi urani. Kwa hiyo msidhani ni mchezo wa watoto tu.

Sisi huifanya kwa Haskell, lugha ya fanksheni iliyotoka mwaka 1990 na kupewa jina la mwanamantiki Mmarekani Haskell Curry. Naipenda kwa kazi hii kwa sababu wazo la kichwani na msimbo hukaribiana sana. Fikiria mama anayeuza nyanya sokoni Mbuyuni. Kwanza anapanga mafungu, kisha kila fungu analitaja bei. Hapa nasi tunapanga mafungu ya tarakimu zinazofanana zilizokaa jirani, kisha kila fungu tunalitaja. Basi.

    import Data.List (group)

    taja :: String -> String
    taja fungu = show (length fungu) ++ take 1 fungu

    mstari :: String -> String
    mstari = concatMap taja . group

    yote :: [String]
    yote = iterate mstari "1"

Fanksheni group ndiyo inayopanga mafungu, concatMap inapitisha taja juu ya kila fungu na kuunganisha matokeo, na iterate inarudia kazi bila mwisho, kila tokeo likiwa chakula cha hatua inayofuata.

Kabla ya kutafuta kosa lolote, chukua karatasi uandike mistari saba ya kwanza kwa mkono. Nasisitiza karatasi, kwa sababu anayelinganisha programu na kumbukumbu ya kichwani hujidanganya. Kisha weka alama tatu za kupimia. Kuanzia mstari wa pili, kila mstari una idadi shufwa ya tarakimu, maana kila fungu huzaa tarakimu mbili. Kila mstari unaishia na 1. Na hakuna tarakimu nyingine isipokuwa 1, 2 na 3.

Hiyo ya mwisho watu huiamini bila kuuliza, nami sipendi hivyo, basi tuithibitishe. Ili 4 itokee, lazima mstari uliotangulia uwe na tarakimu nne zinazofanana mfululizo, tuseme 1111. Lakini kila mstari umejengwa kwa jozi za idadi na tarakimu. Kama jozi zinaanzia hapo hapo, tunasoma 11 na 11, yaani "moja" ipatayo 1 kisha tena "moja" ipatayo 1. Hilo haliwezekani, kwa sababu mafungu mawili jirani ya tarakimu ile ile yangekuwa fungu moja. Kama jozi zinaanzia tarakimu moja nyuma, jozi ya kwanza inaishia na 1 na ya kati ni 11, na hapo tena mafungu mawili ya 1 yamekaa jirani. Njia ya tatu hakuna.

Sasa tuingie kwenye dalili.

Namba hasi ghafla, kisha programu inakufa

Hii ndiyo ya binti wa Pasua. Aliona mfululizo ni wa namba, basi akaandika fanksheni inayopokea Int, yaani namba nzima, na kurudisha Int: anageuza namba kuwa maandishi kwa show, anapanga mafungu, anarudisha kuwa namba kwa read. Mistari tisa ilitoka safi. Mstari wa tisa una tarakimu 14. Wa kumi una 20, nao ni 13211311123113112211. Int kwenye kompyuta zetu hubeba biti 64, na kikomo chake cha juu ni 9223372036854775807, chenye tarakimu 19. Namba haikuenea. Ikipita kikomo, inazunguka na kuibukia upande wa hasi: chukua 13211311123113112211, toa 18446744073709551616 ambayo ni 2 kwa kipeo cha 64, unapata -5235432950596439405 kamili, mpaka tarakimu ya mwisho. Tuliifanya hesabu hiyo ubaoni sote pamoja, na nilifurahi kuona nyuso zao pale tarakimu zilipokubaliana.

Mstari wa kumi na moja hautoki kabisa. Unapata ujumbe "Prelude.read: no parse", kwa sababu alama ya kutoa nayo imepangwa kuwa fungu na kutajwa, maandishi yakaanza na 1- na read ikashindwa kuyasoma kama namba.

Kubadili Int kuwa Integer kunaondoa hasi, kwa kuwa Integer haina kikomo hicho. Lakini mimi nashauri uache kabisa kugeuza. Hapa hatujumlishi wala hatuzidishi mstari wowote, tunausoma. Mstari ni maandishi, uache uwe String.

Mistari inatoka kinyume, lakini urefu ni sahihi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ni kosa letu sisi wasemaji wa Kiswahili, na sijaona likielezwa vya kutosha.

Kijana mmoja wa Kiboriloni aliulizwa: mstari wa 40 una tarakimu ngapi? Akajibu 63,138. Sahihi. Nikamwambia anionyeshe mistari sita ya kwanza, ikatoka:

1
11
12
1121
122111
112213

Linganisha na karatasi yako. Mstari wa tatu ni 12 badala ya 21. Kwenye msimbo wake nilikuta hivi:

    taja fungu = take 1 fungu ++ show (length fungu)

Tarakimu imetangulia, idadi imefuata. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kwa heshima, "Mwalimu, mimi nimeandika kama tunavyosema." Na ni kweli tupu. Sisi tunasema nyanya mbili, watu watatu, moja mbili. Kitu kwanza, idadi baadaye. Chemshabongo hii imezaliwa katika lugha ambazo idadi hutangulia kitu. Yeye alisoma mstari kwa Kiswahili fasaha na kuandika alichosikia, kama kanuni inavyodai. Sikumhesabia kosa, nilimwambia ametatua chemshabongo nyingine iliyo halali kabisa, ila si hii tuliyopewa.

Kinachotisha ni kwamba urefu hausemi lolote. Tazama mistari yake kwa makini: 12 ni 21 iliyowekwa mbele ya kioo, 1121 ni 1211 mbele ya kioo, 112213 ni 312211 mbele ya kioo. Itaendelea hivyo milele. Ukiutazama mstari kwenye kioo, mafungu yanabaki yale yale ila mpangilio unageuka. Na ukiandika tarakimu kabla ya idadi, kila jozi nayo imegeuka. Mageuzo mawili yanafanya mstari mzima ugeuke. Na kwa kuwa tunaanza na 1, ambayo kwenye kioo ni 1 ile ile, mifululizo miwili inatembea sambamba, mmoja ukitazama kushoto na mwingine kulia. Kwa hiyo anayepima jibu kwa urefu peke yake anaweza kukaa na kosa hili mwaka mzima. Alama ya pili ya kupimia ndiyo inayolinasa: mistari ya kinyume huanza na 1 daima, na mwisho wake hubadilika.

Tangu siku ile nawafundisha kusoma kama muuza machungwa anavyonadi: "tatu mia tano, tatu mia tano!" Idadi kwanza, kisha kingine. Ukisoma 111221 kwa mnado huo unapata tatu za moja, mbili za mbili, moja ya moja, na kalamu yenyewe inaandika 312211.

Tarakimu 4 imetokea, au mistari imeganda

Ukiona 1, 11, 21, 1112, 3112, 211213, msimbo wako umepanga tarakimu kwa ukubwa kabla ya kufanya mafungu. Kwa kawaida mtu ameandika group . sort, akihofia kwamba group haitazikusanya moja zote. Hofu hiyo ni ya kweli, na jibu lake ni kwamba hatutaki zikusanywe zote. Mama wa Mbuyuni hamwagi mafungu yake yote kwenye beseni moja ndipo ahesabu. Moja zilizo mwanzoni na moja zilizo mwishoni ni mafungu mawili tofauti.

Ugonjwa huu una mwisho wa kupendeza. Mstari wa tisa unakuwa 114213, na hapo 4 imeingia. Mstari wa kumi na tatu ni 21322314, na wa kumi na nne ni 21322314, na wa kumi na tano vile vile. Uhesabu mwenyewe: una moja mbili, mbili tatu, tatu mbili, nne moja. Mstari unajieleza wenyewe, basi hauna pa kwenda. Futa sort, mambo yatakaa sawa.

Sifuri mwanzoni, au mistari mitupu

Hizi huwapata wanaojenga mafungu wenyewe kwa foldl, inayopita orodha kutoka kushoto kitu kimoja kimoja, badala ya kutumia group. Siwakatazi, maana ndiyo njia ya kujifunza. Ukianza na fungu tupu mkononi, tarakimu ya kwanza haitafanana na kitu chochote, na programu italitaja lile fungu tupu: urefu wake ni 0, tarakimu halina. Ndipo mstari wa pili unatoka 011 na wa tatu 01021. Ukiona 0 popote, tafuta fungu tupu lililotajwa.

Kama badala yake mstari wa pili ni mtupu na yote inayofuata ni mitupu, fungu la mwisho halijatajwa. Foldl hutaja fungu pale inapokutana na tarakimu tofauti. Baada ya tarakimu ya mwisho hakuna tofauti ya kukutana nayo, fungu linabaki mkononi. Mstari wa kwanza una fungu moja tu, ambalo ni la kwanza na la mwisho pia, kwa hiyo linapotea lote. Baada ya foldl kumaliza, litaje lililobaki na uliunganishe.

Wanaotumia fanksheni inayojiita yenyewe hukutana na jambo jingine: skrini inaandika "11 (nukuu imefunguliwa bila kufungwa) na hapo hapo inafuata ujumbe wa "Non-exhaustive patterns". Wengi hushangaa mbona jibu limeanza kutoka. Haskell ni mvivu kwa makusudi, inatoa kila kipande kinapohitajika, basi imetoa fungu la kwanza kabla ya kugundua haina la kufanya orodha ikiisha. Ongeza kanuni ya orodha tupu:

    mafungu [] = []
    mafungu (x:xs) = (x : sawa) : mafungu baki
      where (sawa, baki) = span (== x) xs

Alama za nukuu katikati ya namba

Mstari wa pili ni 1'1' na wa tatu umejaa nukuu na mikwaju? Umeandika show (head fungu). Tarakimu tayari ni herufi, na show ya herufi huivika nukuu. Show ni ya urefu tu. Nukuu mbili mwanzoni na mwishoni mwa mstari mzima, hizo zisikusumbue. Ni GHCi, programu tunayoandikia amri za Haskell na kupata jibu papo hapo, inavyoonyesha String, na putStrLn huziondoa. Na ukiambiwa "Variable not in scope: group", umesahau import ya juu.

Jibu limepita kwa hatua moja

Uliulizwa urefu wa mstari wa 40 ukapata 82,350. Huo ni urefu wa mstari wa 41. Alama ya !! huhesabu kuanzia 0, hivyo mstari wa 40 ni yote !! 39, wenye tarakimu 63,138. Lakini usome swali vizuri: likisema "rudia kanuni mara 40 ukianzia 1", basi 82,350 ndilo jibu, na ukitoa moja utakuwa umeharibu kilichokuwa kizima. Nimewaona wawili wakibishana nusu saa, kila mmoja akiwa sahihi kwa swali alilolisoma.

Skrini inamwaga namba bila kukoma

Umeiomba GHCi ionyeshe yote, na yote haina mwisho. Bonyeza Ctrl na C. Uombe mapande: mapM_ putStrLn (take 10 yote). Kwa mistari ya mbali omba length peke yake.

Mstari wa 30 unatoka haraka, wa 50 hautoki

Hii ndiyo dalili inayowakatisha tamaa zaidi, hasa umeme ukiwa wa kubahatisha na betri imebaki kidogo. Mtu anasema kompyuta yangu ni ya zamani. Mara nyingi kompyuta haina kosa. Tafuta kitu cha namna hii:

    mstari s = foldl (\m f -> m ++ taja f) "" (group s)

Kila fungu jipya linabandikwa mwishoni mwa m, na alama ya ++ ili ifike mwishoni lazima ipite yote yaliyo kushoto kwake. Ni kama kubeba ndoo kutoka bombani, na kila ndoo ukaanza safari kutoka nyumbani upya. Mafungu yakiwa n, hatua zinakaribia n mara n. Mstari wa 30 una tarakimu 4,462, yaani umetokana na mafungu 2,231, hatua milioni 5 hivi, hutazihisi. Mstari wa 50 una tarakimu 894,810, mafungu 447,405, na hatua zinafika karibu bilioni 200. Rudisha concatMap, ambayo hutembea kutoka kushoto mara moja tu, na mstari wa 50 utatoka ukiwa bado umeshika kipanya.

Hapo hapo angalia kumbukumbu. Kwenye String ya Haskell kila herufi hukaa kwenye kiungo chake cha baiti 24, hivyo mstari wa 50 peke yake ni zaidi ya megabaiti 21. Mistari hukua kwa kuzidishwa na namba inayokaribia 1.303577, aliyoitambua Conway. Gawanya 894,810 kwa 686,646 ya mstari wa 49 utapata 1.303. Na hiyo ni alama ya nne ya kupimia: kama urefu unaongezeka maradufu kila hatua, au hauongezeki, kuna jambo.

Mistari yote ni 22

Binti wa Pasua, baada ya kuhamia String, alitaka kujaribu mbegu zake mwenyewe, yaani mistari ya kuanzia isiyo 1. Akaweka 3, ikatoka 13, 1113, 3113, 132113, kila mstari ukiishia na 3 kama ile mingine inavyoishia na 1, maana fungu la mwisho daima huacha tarakimu yake mwishoni. Akaweka 22. Ikatoka 22. Akaomba mistari ishirini, ikatoka 22 mara ishirini. Alianza kufungua faili arekebishe taja, nikamshika mkono.

"Isome kwanza."

Akasoma kwa mnado: "Mbili za mbili." Akanyamaza, akaisoma tena, kisha akafunga faili bila kubadilisha herufi.